Shajara ya mradi: Kruszyniany, kijiji kilicholipwa badala ya mshahara

Januari

Nimeanza rasmi. Kinachotakiwa ni kijitabu cha Kiswahili kuhusu Kruszyniany, kijiji cha mashariki kabisa ya Polandi, zaidi kidogo ya kilomita 50 kutoka mjini Białystok ninakoishi, karibu na mpaka wa Belarus. Nyumba za mbao kandokando ya barabara, mashamba ya viazi na nafaka, kisha msitu. Ungepita na gari bila kugeuza shingo, ila hapo kijijini pana msikiti wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, na waliousimamisha ni Watatari, Waislamu wa hukuhuku, si wahamiaji wa juzi.

Kila nikienda likizo Unguja naulizwa: huko mnasali wapi? Nikisema huku kuna Waislamu wa asili, ambao mababu zao walikuwa wameshakaa na kuzikana kabla hata Seyyid Said hajahamishia makao yake Unguja, naambiwa niache mzaha. Basi nitaandika, mwenye kutaka asome.

Mpango ni huu: wametoka wapi, kijiji kimepatikanaje, msikiti na makaburi, vitabu vyao vya mkono, vita na mipaka, kisha hali ya leo. Maalim wangu aliyenisomesha chuoni nikiwa mdogo amekubali kunisomea Kiarabu cha kwenye mawe ya makaburi nikimtumia picha. Kipolandi ni mzigo wangu.

Januari, mwishoni

Sura ya kwanza imetoka haraka kwa sababu niliinyima nafasi makusudi. Watatari hawa waliletwa Lithuania tangu mwisho wa karne ya 14 na mtawala mkuu Vytautas. Dola la Kitatari la huko Volga lilikuwa likipigana lenyewe kwa lenyewe, walioshindwa wakatafuta pa kukimbilia, naye Vytautas alikuwa anataka wapanda farasi. Mwaka 1410, kwenye vita vya Grunwald dhidi ya mashujaa wa msalaba wa Kijerumani, kikosi cha Watatari kilipigana upande wa Polandi na Lithuania chini ya Jalal al-Din, mtoto wa Khan Tokhtamysh. Lugha yao waliipoteza mapema, wakabaki na Kibelarusi na Kipolandi. Dini hawakuipoteza.

Imetosha. Mwenye hamu ya Vytautas atampata kwingine.

Februari

Hapa sasa ndipo penye kijitabu chenyewe, na nimekaa hapa kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Vipeperushi vya watalii vinasema karibu neno kwa neno: mfalme Jan III Sobieski aliwazawadia Watatari kijiji cha Kruszyniany kwa ushujaa wao. Inapendeza. Lakini ukizipanga tarehe kwenye meza, unaanza kuona daftari la madai.

Katikati ya karne ya 17 Jamhuri ya Polandi na Lithuania ilipigwa na Wakosaki, Warusi na Waswidi kwa mfululizo. Hazina ilibaki tupu na mishahara ya askari ikawa hailipwi. Watatari waliokuwa kwenye vikosi vya farasi walidai malimbikizo ya muda mrefu, na juu ya njaa hiyo wakabanwa katika haki zao za zamani na mambo ya dini yao. Mwaka 1672 Sultani Mehmed IV wa Waturuki Waosmani akaingia Podolia, jimbo la kusini la Jamhuri hiyo, na jeshi lake, ngome ya Kamieniec Podolski ikaanguka mwezi Agosti, na vikosi vya Watatari vilivyokuwa kusini huko vikavuka upande wa Waosmani. Kiongozi wao, Aleksander Kryczyński, akapewa na Sultani mji wa Bar autawale.

Mtu wa haraka atasema: Waislamu waliwafuata Waislamu wenzao. Kilichofuata kinamkanusha. Hawakukaa. Chini ya Waosmani waligundua kwamba uhuru waliouzoea kwenye ile Jamhuri, wa kukaa na kusema kama waungwana wenye haki zao, kule haukuwepo. Kryczyński aliuawa baada ya muda mfupi. Mnamo Novemba 1674 Bar ilisalimu amri kwa Sobieski, ambaye mwaka huohuo alikuwa amechaguliwa mfalme, na wengi wakarudi kwa msamaha. Mwaka 1676 yakaja mapatano ya Żurawno na Waosmani. Bunge la 1677 likazithibitisha tena haki za zamani za Watatari.

Sasa mfalme ana watu mkononi ambao wamerudi, wanamdai, wana silaha, na njia ya kwenda kwa Sultani wanaijua. Pesa hana. Ana ardhi, yaani mashamba ya kifalme yaliyokuwa chini ya mji wa Grodno. Kwa hiyo tarehe 12 Machi 1679, hukohuko Grodno, ikatolewa hati: Kruszyniany, Łużany na sehemu ya Nietupa kwa Kanali Samuel Murza Krzeczowski na watu wake. Bohoniki, Drahle na Malawicze zikaenda kwa makamanda wengine. Kila mtu alipata kwa cheo chake, mkubwa kikubwa na mdogo kidogo, kwa sharti kwamba ikipigwa parapanda ya vita atoke na farasi wake.

Mimi sioni zawadi hapo. Naona mwajiri aliyeshindwa kulipa mishahara akakata kiwanja. Wala simdharau Sobieski kwa hilo, maana wafalme wengi wa zama zake wangewanyonga tu waasi na deni likafa nao. Ila ninachokataa ni ile sentensi ya kipeperushi, kwa sababu inamfanya Mtatari kuwa mgeni aliyehurumiwa wakati alikuwa mdai.

Nilimtumia Maalim rasimu.

«Shikamoo Maalim. Soma sura ya pili, uniambie kama nimemwonea mfalme.»

«Marahaba mwanangu. Hujamwonea. Dawa ya deni kulipa, naye kalipa. Ardhi yenyewe ikoje?»

«Mchanga mtupu, Maalim. Inaota viazi.»

«Basi kalipa kwa mchanga. Endelea.»

Machi

Kazi ya mwezi huu imekuwa kuitenganisha hadithi moja na tarehe zake.

Inasimuliwa kwamba Samuel Krzeczowski alimwokoa mfalme asiuawe kwenye pigano la Párkány, Oktoba 1683, wiki chache baada ya vita vya Vienna dhidi ya Waosmani. Pigano lilitokea kweli, na mfalme alinusurika chupuchupu wapanda farasi wake walipotimuliwa na Waosmani. Aliyemtoa hapo, masimulizi ya Watatari yanamtaja Krzeczowski. Na husikika mtu akiunganisha moja kwa moja: alimwokoa mfalme, ndiyo maana akapewa kijiji. Lakini kijiji alipewa 1679. Deni lililipwa miaka minne kabla ya wema huo kutendeka.

Ninavyoona, hadithi imegeuzwa kichwa chini kwa sababu inasimulika vizuri zaidi hivyo. Ikikaa kwa mpangilio wake ina maana nzito zaidi: mtu aliyelipwa haki yake ndiye aliyekuwa karibu na mfalme siku mambo yalipoharibika. Nimeiacha kwenye kijitabu, na neno «inasimuliwa» mbele yake. Hapohapo nimeweka na ile ya Vienna, kwamba Watatari wa Sobieski walichomeka vishina vya majani makavu kwenye kofia zao ili wenzao wasiwafananishe na Watatari wa Krimea waliokuwa upande wa Sultani. Na ile ya mwaka 1688, kwamba mfalme alipokuwa njiani kwenda bungeni Grodno alipita Kruszyniany akakaa na rafiki yake kanali. Zote hizo ziko kwenye ukurasa mmoja wa masimulizi, uliotengwa na sura ya hati.

Jambo jingine, ambalo wasifu wa kijiji huliruka: Watatari walihesabiwa karibu sawa na tabaka la waungwana, wenye ardhi na wajibu wa vita, na pembeni yao waliishi wakulima Wakristo ambao hawakuwa na heshima hiyo. Yaani katika pembe hii ya Ulaya Muislamu alikuwa bwana mdogo na Mkristo mkulima wake. Siku hizi wakazi wengi wa Kruszyniany ni Waorthodoksi, wana kanisa lao hapohapo, na familia za Kitatari zinazokaa mwaka mzima ni chache za kuhesabika.

Aprili

Msikiti. Nimekwenda asubuhi ya siku ya kazi ili nisikutane na mabasi ya watalii.

Ukiutazama kwa mbali utaapa ni kanisa. Mbele una minara miwili mifupi ya mraba yenye vikuba vya bati juu, na juu ya paa kuna kijinara cha tatu. Kinachokusimamisha ni hilali kwenye ncha. Inaaminika mafundi walikuwa ni walewale waliokuwa wakijenga makanisa ya mbao ya eneo hili, na mti walijua kuukata kwa namna hiyo moja. Jengo la sasa ni la karne ya 18, na mwaka 1846 lilifanyiwa ukarabati mkubwa. Ukuta mfupi wa mawe ya shambani unauzunguka uwanja, na miti mikubwa imeufunika.

Ndani unavua viatu, mbao zinalia chini ya zulia. Upande wa wanaume una mihrabu na mimbari ya mti, zote za kiasi, hazina nakshi za kukutisha. Ukutani kumejaa fremu: aya zilizoandikwa kwa mkono, picha za Makka na Madina, nyingine zimefifia hadi wino umekuwa rangi ya chai. Upande wa wanawake umetengwa kwa ukuta wa mbao, na katika ukuta huo kuna uwazi mrefu mwembamba wa usawa wa macho, umefunikwa kwa pazia jepesi, sauti ya imamu ipite na macho yasipite. Nimekaa upande ule wa pili wa pazia kwa muda, nikatazama mihrabu kupitia kitambaa. Unaona mwanga na kivuli cha mimbari, huoni sura ya mtu. Nimeandika aya nzima juu ya uwazi huo na sitaipunguza, hata mhariri akilalamika.

Mwaka 2012 rais wa Polandi aliitangaza misikiti na makaburi ya Kruszyniany na Bohoniki kuwa kumbukumbu ya historia ya taifa, daraja la juu kabisa la ulinzi wa majengo ya kale nchini hapa. Sentensi moja inatosha kwa hilo.

Mei

Makaburi yako nyuma ya msikiti, kwenye kilima chenye misonobari. Hakuna mistari iliyonyooka kama ya makaburi ya mjini. Kila kaburi lina jiwe kubwa kichwani, dogo miguuni, na safu ya mawe madogo pembeni, mengi yamezama kwenye majani na ukoga.

Kupiga picha mawe ya aina hii kuna namna yake. Jua la mchana halifai, linaziba maandishi yote. Unangoja jua la jioni lije kwa ubavu, au unalala chini na kurunzi unamulika jiwe kutoka pembeni kabisa hadi kila mkato utoe kivuli. Ukoga sikuugusa. Wapo wanaokwangua kwa brashi ya waya ili picha itoke safi, na wanaondoka na nusu ya herufi.

Jiwe moja nitalieleza, bila jina la mwenyewe. Ni jiwe la shambani, halikuchongwa umbo lolote, limefika kiunoni. Juu kabisa kuna hilali na nyota. Chini yake kuna mstari wa Kiarabu, shahada, umekatwa kwa mkono ambao haukuwa na uhakika: herufi zinaanza kubwa kulia na kubanana kushoto kwa sababu fundi hakupima nafasi. Kisha yanafuata maandishi ya Kirusi, jina na cheo cha jeshini, kwani hii ilikuwa enzi ya wafalme wa Urusi. Ukizunguka nyuma unakuta Kipolandi, kimechongwa kwa juujuu zaidi. Jina la kwanza ni la Kiislamu, la ukoo linaishia kwa «-wicz», kama majina ya majirani zake Wakristo.

Maalim alinipigia simu badala ya kuandika, na hiyo kwake ni dalili ya kuguswa.

«Huyu fundi hajui Kiarabu.»

«Unajuaje, Maalim?»

«Nukta zimekaa pasipo pake, na hapa kaunganisha herufi isiyoungana. Kaandikiwa karatasi, akainakili kama mtu anayenakili ua. Lakini tazama alivyokaza mkono kwenye jina la Mwenyezi Mungu. Hapo kaambiwa usikosee.»

Nilirudi kutazama picha kubwa. Kweli, neno hilo moja limekatwa kwa kina mara mbili ya mengine.

Picha zote nimezipa namba kwa mpangilio wa kilima, kutoka lango hadi juu. Majina ya waliozikwa miaka ya karibuni hayataingia kwenye kijitabu, wana wenyewe.

Juni

Vitabu. Nilikwenda Sokółka, ambako makumbusho ya wilaya yana chumba cha Watatari, na nimepitia maandiko ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Toruń walioshughulikia maandishi hayo kwa miaka.

Watatari walipopoteza lugha yao hawakuacha hati za Kiarabu. Walichukua Kibelarusi na Kipolandi, wakaviandika kuanzia kulia kwenda kushoto, kwa irabu zote. Wana kitabu kikubwa cha visa vya mitume, maadili na fiqhi, wanachokiita kwa jina lilelile, kitabu. Wana vitabu vidogo vya dua vya kubeba mfukoni. Na wana tafsiri ya Qur'ani kwa Kipolandi, iliyoandikwa chini ya kila mstari wa Kiarabu. Ipo nakala ya mwaka 1686 iliyoko Minsk, Belarus. Kwa sauti ambazo Kiarabu hakina, kama «p» na «ch», waliazima herufi za Kiajemi zenye nukta tatu, na kwa sauti za Kislavoni ambazo hata Waajemi hawana walitunga alama zao.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuambiwa zaidi. Wazee wetu walifanya hivyohivyo kwa «p» na «ch» zao, na barua zao zimejaa kwenye masanduku ya Lamu na Unguja.

Nilifanya jaribio. Nilimtumia Maalim picha ya ukurasa mmoja wa kitabu cha dua, sehemu ya maelezo, isiyo Kiarabu. Nikamwomba asome kwa sauti tu, kwa kufuata irabu, bila kutafuta maana. Akanirekodia. Ni sauti ya mzee wa Kiunguja, polepole, akisimama kwenye kila shada, akisoma lugha ambayo hajui neno hata moja. Nilimsikilizisha mwenzangu wa kazini, Mpolandi wa Białystok aliyekulia karibu na mpaka. Alikunja uso, kisha akaanza kutikisa kichwa. Hakushika yote, ila alishika «Mungu», alishika «sala», alishika sehemu inayosema aamkaye alfajiri. Akasema ni Kibelarusi cha bibi yake.

Rekodi hiyo haiwezi kuingia kwenye karatasi, na nimekasirika kidogo kwa hilo. Nafikiria kuiweka mahali kwenye intaneti na kuchapa alama ya kuskani kwenye ukurasa.

Julai

Karne ya 19 kwa kifupi. Mwaka 1794 Watatari walitoka na Kościuszko, kiongozi wa uasi wa Wapolandi dhidi ya Urusi, wakiwa na jenerali wao Józef Bielak, aliyefariki mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Polandi ikafutwa kwenye ramani. Eneo hili likaja kuwa chini ya Urusi. Urusi ikawatambua Watatari wengi kuwa waungwana, watoto wao wakaenda kwenye majeshi na ofisi za Tsar, na ndio maana mawe ya kilimani yana vyeo vya Kirusi. Ardhi iliyotolewa 1679 ikawa inagawanywa kila kizazi, vipande vikawa vyembamba, vingine vikauzwa kwa majirani.

Nilitaka kuifanya sura. Imekuwa ukurasa na nusu, na haijakosa kitu.

Agosti

Vita na mipaka. Polandi iliporudi baada ya 1918, Watatari kama elfu tano na nusu walijikuta ndani yake. Mwaka 1925 wakaunda Umoja wa Kidini wa Waislamu, makao yake Vilnius, mji uliokuwa wakati huo ndani ya Polandi, mufti akiwa Jakub Szynkiewicz. Sheria ya Aprili 1936 ikaweka wazi uhusiano wa umoja huo na serikali. Sheria hiyo bado inatajwa na wanasheria wa hapa. Jeshini walikuwa na kikosi chao cha farasi ndani ya Rejimenti ya 13 ya Uhlani (wapanda farasi wa mikuki) ya Wilno, yaani Vilnius, na kilipigana Septemba 1939. Baada ya hapo Polandi haikuwa tena na kikosi cha Kitatari.

Tarehe 17 Septemba 1939 Wasovieti wakaingia kutoka mashariki. Walikaa hadi 1941, wakaja Wajerumani, kisha Wasovieti tena. Kuanzia Februari 1940 familia nyingi kutoka mashariki ya Polandi zilipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Hapa nimeruhusu mchepuko mmoja kwa ajili ya msomaji wa Tanzania: yale makaburi ya Wapolandi kule Tengeru, karibu na Arusha, ni ya watu wa mikoa hii ya mashariki. Waliachiwa 1941, wakapitia Iran, wakaletwa Tanganyika, Uganda na Kenya, na Tengeru peke yake ilipokea kama watu elfu tano. Wengi hawakuwa na pa kurudi, kwa sababu vita vilipokwisha vijiji vyao vilikuwa vimebaki ng'ambo ya mpaka mpya, upande wa Usovieti.

Na mpaka huohuo ndio uliowavunja Watatari. Mkataba wa mpaka wa Agosti 1945 ulipochorwa, Vilnius na karibu misikiti yote ya kabla ya vita ilibaki Usovieti. Ndani ya Polandi mpya ilibaki miwili ya zamani: Kruszyniany na Bohoniki. Waliohama kutoka ng'ambo ya mpaka walipelekwa magharibi, kwenye miji iliyochukuliwa kutoka Ujerumani, wakaishia Gorzów, Szczecin na Gdańsk. Huko Gdańsk walijenga msikiti wa matofali, ukafunguliwa 1990. Kwenye sensa ya 2011 watu 1,916 walijiandikisha kuwa Watatari nchi nzima.

Ramani ya sura hii imenisumbua kuliko maneno yake. Msomaji lazima aone mistari miwili kwa pamoja, wa 1939 na wa 1945, la sivyo hataelewa kwa nini kijiji kilichokuwa pembeni ya jamii yake kiligeuka kuwa kitovu chake.

Septemba

Wiki ya kula, na sioni haya. Watalii wengi wanakuja Kruszyniany kwa ajili ya meza kuliko mihrabu, na kijitabu kisichotaja chakula kitakuwa kinadanganya. Nilisimama jikoni nikatazama pierekaczewnik ikitengenezwa. Unga unakandwa, unagawanywa, kila donge linatandazwa hadi unaona meza kupitia ndani yake. Tabaka sita, kila moja limepakwa siagi iliyoyeyushwa, juu nyama iliyokatwakatwa, au jibini, au tufaha. Kisha linaviringishwa refu, na refu hilo linazungushwa ndani ya sufuria ya duara kuanzia katikati, kama ukili unaposhonwa mkeka wa mviringo. Linaokwa kwa muda mrefu. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliliandikisha kwenye orodha yake ya vyakula vya jadi vinavyolindwa.

Katika maelezo ya watalii nimeweka ziara ya Mwanamfalme Charles wa Uingereza, Machi 2010, kwa sababu wanakijiji wenyewe hawachoki kuitaja. Nimeweka pia yasiyotajwa sana: kiangazi cha 2014 watu walichora nguruwe kwenye ukuta wa msikiti na kuchafua makaburi, na Mei 2018 mkahawa wa Kitatari uliokuwa ukileta wageni wengi uliungua moto. Ulijengwa upya, michango ikitoka kila upande wa nchi.

Oktoba

Sura ya mwisho ndiyo ngumu, na haina karne ya kuipoza.

Mwaka 2021 maelfu ya watu kutoka Syria, Iraq, Yemen na nchi za Afrika waliletwa Belarus kwa ndege na kusukumwa misituni kuelekea Polandi, na Polandi ikawa inawarudisha. Tarehe 2 Septemba ikatangazwa hali ya hatari kwenye ukanda wa mpaka. Kruszyniany ikawa ndani ya ukanda uliofungwa: hakuna mgeni kuingia, basi la watalii ndiyo basi tena. Wanaoishi kwa wageni walikaa bila kipato, katika kijiji ambacho misitu yake ilikuwa na watu wenye njaa na baridi. Katika mwaka wa 2022 ukuta wa chuma wa kilomita 186 ulisimamishwa, urefu wake kwenda juu mita 5.5.

Waliokufa msituni wakiwa Waislamu, ni Watatari waliowazika. Mazishi ya kwanza yalikuwa Novemba 2021 kwenye makaburi ya Bohoniki: kijana wa Kisyria wa miaka 19, aliyezama mto Bug. Imamu alisali, jamaa zake wakafuatilia kwa simu kutoka mbali. Baadaye wakaja wengine, baadhi bila jina. Watatari walitoa ardhi ya makaburi, ile iliyotoka kwenye hati ya 1679.

Rasimu ya kwanza ya sura hii ilikuwa ndefu na yenye hasira. Nimeipunguza hadi tarehe, mahali na nani alifanya nini.

Novemba

Hali ilivyo. Sura zote zimeandikwa, ya pili ndiyo ndefu kuliko zote na itabaki hivyo. Maalim amerudisha masahihisho ya maandishi ya mawe, isipokuwa yale ya safu ya juu kilimani ambayo picha zake hazisomeki. Hayo yatangoja jua la chini la majira ya kuchipua. Ramani ya mipaka imekamilika. Alama ya kuskani ya rekodi ya Maalim imekubaliwa na mchapaji, ukurasa wa 27.

Ubishi uliobaki ni maneno ya jalada la nyuma. Rafiki aliyejitolea kusanifu aliandika «kijiji ambacho mfalme aliwazawadia Waislamu», akasema ndivyo kitauzika. Nimebadilisha: «kijiji ambacho mfalme aliwalipa askari wake Waislamu, baada ya kuwakopa mishahara». Anasema ni refu mno na herufi itabidi zipunguzwe. Nimemwambia azipunguze.